Usalama wa Wapita Njia

Tarehe 22 Agosti 2015, katika maonyesho ya ndege ya Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege kongwe ya kivita aina ya Hawker Hunter iliangukia barabara kuu ya A27. Watu 11 walipoteza maisha, wote wakiwa nje ya uwanja.

Uchunguzi rasmi wa mwaka 2017 ulieleza kwamba rubani alipopiga duara angani alifika futi 2,700 tu, ilhali ilimpasa kufika 3,500. Aidha, ulibaini kuwa hatari kwa walio nje ya uwanja haikupimwa ipasavyo.

Baada ya ajali, mamlaka ya anga ya huko ilizuia mara moja michezo ya jeti kongwe juu ya nchi kavu, kisha ikakaza masharti ya waandaaji. Wapo walionung'unikia gharama. Sisi tunaamini gharama hiyo ni halali: mtazamaji amekuja kwa hiari yake, bali mpita njia hakuulizwa.

Kwa hiyo afisa yeyote anayetia sahihi kibali cha mkusanyiko hana budi kutazama ng'ambo ya ua. Tahadhari kabla ya hatari.