Fedha za Siasa za Iowa na Mashamba ya Katumba

Kutoka Kashaulili, katika Manispaa ya Mpanda, hadi makazi ya Katumba si mbali. Jimbo la Iowa nchini Marekani liko ng'ambo ya bahari. Lakini mwaka 2011 mashamba ya mahindi, maharage na tumbaku ya Katumba yalikuwa yakijadiliwa huko Iowa, na waliokuwa wakiyalima hawakualikwa.

Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walifyeka pori, wakajenga, wakazaa watoto ambao Burundi waliijua kwa kusimuliwa tu. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliamua kwamba anayetaka kurudi arudi na anayetaka uraia aombe. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu wakakubaliwa, lakini kwa sharti: wahame kwanza, watawanywe mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti.

Ardhi hiyo ilikuwa na mteja tayari. Agosti 2010 kampuni ya AgriSol Energy ilitia saini hati ya makubaliano na Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda. Juni 2011 Taasisi ya Oakland ya California ilitoa ripoti iliyoanika mpango wenyewe: zaidi ya hekta 300,000 za Katumba na Mishamo, mkataba wa miaka 99, na malipo yasiyozidi shilingi 700 kwa hekta kwa mwaka. Ukigawa kwa ekari, hazifiki shilingi 300. Kampuni ilijitetea kwamba haimfukuzi mtu, kwani uamuzi wa kufunga makazi ulikuwa wa serikali na ulitangulia mradi.

Nani alikuwa nyuma ya kampuni hiyo? Jina lililovuma zaidi ni Bruce Rastetter, tajiri wa nguruwe na ethanoli. Sheria za Iowa haziwawekei watu binafsi kikomo cha kumchangia mgombea wa ugavana, naye alikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa Terry Branstad wa chama cha Republican katika uchaguzi wa 2010. Branstad alishinda. Mwaka uliofuata akamteua Rastetter kwenye bodi inayosimamia vyuo vikuu vya umma vya jimbo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa.

Chuo hicho ndicho kilichokuwa kikiishauri AgriSol kuhusu mradi wa Tanzania. Kwa hiyo wataalamu wa chuo walikuwa wakitathmini biashara ya mtu aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wao.

Hakuna bahasha iliyopita chini ya meza, na ndicho kinachowakera wanaharakati wa mrengo wa kushoto wa Marekani: mambo hayo yanafanyika mchana kweupe, kwa risiti. Mwaka huohuo wa 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo katika kampeni, mradi zisikabidhiwe kwa mgombea mwenyewe. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka huo, lakini yenyewe ikaweka ukomo wa matumizi.

Mradi ulikwama kwa sababu watu walisoma nyaraka. Mwanahabari mkongwe Dan Rather aliupeleka kwenye televisheni. Februari 2012 chuo kikajitoa. Wanachama wa kikundi cha wananchi cha Iowa wakamshtaki Rastetter kwenye bodi ya maadili ya jimbo. Bodi ikayatupa malalamiko hayo, lakini barua za ndani kuhusu mradi huo zilikuwa zimeshasomwa na umma. AgriSol ikaziacha Katumba na Mishamo.

Kuanzia mwaka 2014 serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia bila kulazimisha kuhama. Raia wapya wa Katumba wakabaki kwenye mashamba yao.

Rastetter hakuachana na mambo ya ardhi. Kampuni nyingine aliyoiasisi, Summit Carbon Solutions, imekuwa ikitaka kupitisha bomba la hewa ya ukaa katika mashamba ya Iowa na majimbo jirani. Safari hii wanaokataa ni wakulima wa Kimarekani, wengi wao wapigakura wa Republican. Machi 2025 jimbo la South Dakota lilipitisha sheria inayozuia mabomba ya aina hiyo kutwaa ardhi ya mtu bila ridhaa yake.