Mali ya Yatima Isimalizwe na Zaka: Misingi ya Uwekezaji kwa Familia ya Kiislamu

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliwausia watu wazifanyie biashara mali za mayatima ili zaka isije ikazimaliza. Usia huo ni mfupi, lakini umebeba somo zima la uwekezaji. Khalifa hakuridhika kuwaambia walezi wazihifadhi mali hizo zisiibwe. Aliwataka wazikuze, kwani mali iliyolala hupungua hata kama hakuna aliyeigusa.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tunaliona jambo hili kila mirathi inapogawiwa. Siku ya kugawa, maswali huwa ni mengi: nani anarithi, fungu lake ni lipi, deni la marehemu limelipwa au la. Mafungu yakishatoka, swali kubwa kuliko yote hubaki bila jibu: mjane na watoto wake wazifanyie nini fedha hizo? Hali ni hiyo hiyo kwa mzee aliyepokea kiinua mgongo baada ya kustaafu. Wengi huangukia katika moja ya makosa mawili. Ama huzifungia fedha zisitoke, ama humkabidhi mtu wa kwanza anayekuja na ahadi tamu. Makala haya yanakusudia kueleza misingi michache ambayo kila familia inaweza kuielewa, ili ipite katikati ya makosa hayo mawili.

Mali iliyolala hupungua

Tuchukue mfano. Familia imeuza nyumba ya urithi pale Kariakoo, na fungu la mtoto mmoja yatima likawa shilingi 60,000,000. Mlezi, kwa nia njema kabisa, anaziweka mahali pasipozaa chochote. Kwa kauli ya madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii twaifuata, mali ya mtoto nayo hutolewa zaka ikifikia nisabu. Mwaka wa kwanza itatoka asilimia mbili na nusu, yaani shilingi 1,500,000. Ikiendelea hivyo kwa miaka 10, zitabaki takriban shilingi 46,580,000.

Zaka si hasara. Ni haki ya maskini na ni utakaso wa mali. Bali yupo mlaji mwingine asiye na thawabu, naye ni mfumuko wa bei. Tuseme bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4 kila mwaka. Baada ya miaka 10, zile shilingi milioni 46 na ushei zitanunua vitu ambavyo leo vinanunulika kwa takriban milioni 31 na nusu. Mlezi hakuiba hata senti moja, lakini yatima amepoteza karibu nusu ya nguvu ya mali yake.

Ipo hesabu nyepesi ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Chukua 72, uigawe kwa kiwango cha asilimia cha mwaka. Jibu ni idadi ya miaka, kwa kukadiria, ambayo kitu huchukua kuongezeka maradufu. Bei zikipanda kwa asilimia 4, 72 gawa kwa 4 ni 18: mtoto aliyezaliwa leo akifikia umri wa kupiga kura, bei zitakuwa zimekwenda mara mbili. Kwa upande wa pili, mtaji unaopata faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na faida hiyo ikarudishwa kazini badala ya kuliwa, hufika maradufu kwa muda wa miaka 7 na kidogo. Hapa inafaa kuondoa shaka moja. Faida kuzaa faida nyingine kwa njia hii si riba. Riba inatokana na aina ya mkataba, wala haitokani na wingi wa ukuaji. Mfugaji ambaye mitamba yake imezaa, na ndama nao wakakua wakazaa, hajala riba.

Faida hufuatana na dhamana

Basi ni mkataba gani ulio halali? Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 275, imetenganisha biashara na riba, ikahalalisha ya kwanza na kuharamisha ya pili. Wanazuoni, wakitegemea Hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, wameweka kanuni kwamba haki ya kupata faida hufuatana na kubeba dhamana. Anayetaka kula matunda ya mti na akubali pia kwamba mti unaweza kukauka.

Kanuni hii ya fiqhi ndiyo pia kanuni ya kwanza ya elimu ya uwekezaji popote duniani: hakuna faida isiyo na uwezekano wa hasara, na kadiri faida inayotarajiwa inavyokuwa kubwa ndivyo uwezekano wa hasara unavyoongezeka. Kwa hiyo, mtu anayekuahidi faida kubwa bila hasara yoyote, anakuletea moja ya mambo mawili: riba au utapeli.

Tuangalie mfano wa nyumbani. Mama mjane anampa mpwa wake shilingi 5,000,000 afanyie biashara ya nafaka. Mpwa anasema, "Shangazi, usiwe na wasiwasi, kila mwezi nitakuletea laki tatu, biashara iwe nzuri au iwe mbaya." Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini huo ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu ya biashara. Isitoshe, laki tatu kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka, yaani asilimia 72 ya mtaji. Shangazi na ajiulize: ni gunia gani la mahindi linaloleta faida hiyo, baada ya kulipa usafiri, ghala, ushuru na chakula cha muuzaji mwenyewe?

Sheria imetupa njia iliyo bora, nayo ni mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana, kama nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Hasara ikitokea bila uzembe wala hiana, mwenye mtaji hupoteza mali na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alisafiri kwenda Sham akifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (r.a.), naye bibi huyo alikuwa mwekezaji aliyejua kuchagua mwaminifu. Iwapo wote wawili wanatoa mtaji, huo ni musharaka, na hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Yote hayo yaandikwe na yashuhudiwe. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo ya Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni. Kuandikiana na ndugu si kumdhania ubaya. Ni kumlinda yeye pamoja na undugu wenu.

Hisa, vipande na sukuk

Hisa ni musharaka mpana. Kampuni imegawanywa katika sehemu nyingi ndogo, na mwenye hisa ni mmoja wa wamiliki. Kampuni ikipata faida, anaweza kupokea gawio, ikistawi, bei ya hisa yake hupanda, ikidorora, hushuka. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na leo mwananchi wa kawaida anaweza kununua kupitia dalali mwenye leseni, au hata kwa simu.

Lakini si kila hisa inamfaa Muislamu. Swali la kwanza ni kazi ya kampuni. Katika soko hilo hilo la Dar es Salaam imo kampuni ya bia, imo ya sigara, na yamo mabenki ambayo pato lake kuu ni riba. Swali la pili ni hesabu zake. Kampuni ya saruji, kwa mfano, kazi yake ni halali, lakini huenda imekopa kwa riba au imeweka fedha zake mahali panapotoa riba. Asasi ya AAOIFI iliyoko Bahrain, ambayo huandaa viwango vya fedha za Kiislamu, imeweka mipaka: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba nazo zisizidi asilimia 30, na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5 ya pato lote. Sehemu hiyo ndogo ya gawio iliyochanganyika hutolewa, ili mwenye hisa abaki na kilicho safi. Wapo wanazuoni walio wakali zaidi ya hapo, na mwenye kujiepusha na shaka ameilinda dini yake.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambayo watu hununua vipande vyake, hukusanya fedha za wengi na kuziweka mahali mbalimbali chini ya wataalamu. Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, ndio uliowazoesha Watanzania wengi neno "vipande". Faida yake ni kwamba mwenye fedha kidogo naye hupata nafasi. Hata hivyo, Muislamu na aulize mfuko umeweka fedha wapi, kwani mifuko mingi huchanganya hisa na hatifungani za riba. Hatifungani ya kawaida ni mkopo: humpa mnunuzi riba iliyokwisha pangwa.

Sukuk ni kitu kingine. Mwenye sukuk huwa na sehemu ya umiliki katika mali au mradi, na anachopokea ni kodi au faida inayotokana na mali hiyo. Hapa kwetu KCB Bank Tanzania ilitoa sukuk mwaka 2022, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatoa yake mwaka 2025. Kabla ya kununua, soma waraka wa matarajio, uangalie mali iliyosimama nyuma ya sukuk ni ipi, na ni wanazuoni gani walioipitisha.

Usipakie jahazi moja

Mfanyabiashara wa pwani mwenye shehena kubwa ana busara akiigawa katika majahazi mawili au matatu. Moja likizama, lingine litafika. Ndivyo ilivyo kwa mali ya familia: sehemu iwe katika biashara, sehemu katika mali isiyohamishika, sehemu katika hisa au sukuk. Kununua bajaji tatu si kugawa shehena, kwani petroli ikipanda zote tatu huumia siku moja.

Jambo jingine ni ukwasi, yaani wepesi wa kitu kugeuka fedha taslimu bila hasara. Kiwanja ni mali nzuri, lakini hakilipi ada ya shule Januari. Hisa nazo hazina uhakika wa bei siku unayotaka kuuza. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, na baadaye zikafika shilingi 770. Aliyelazimika kuuza wakati huo kwa sababu ya ugonjwa au msiba alipata hasara. Aliyekuwa na akiba pembeni aliweza kusubiri. Kwa hiyo, kabla ya kuwekeza popote, lipa madeni, kisha tenga matumizi ya miezi mitatu hadi sita mahali panapofikika. Kinachotakiwa mwaka huu kisiwekwe mahali panapohitaji miaka mitano.

Alama za mtego

Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, iliyokuwa imewavuta watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna. Huko hapakuwa na shamba wala duka. Malipo ya waliotangulia yalitegemea fedha za waliokuja nyuma, na mradi wa namna hiyo hufa siku wageni wanapopungua. Upatu wa akina mama mtaani, ambao kila mmoja hupokea kwa zamu kiasi kile kile alichochanga, si wa namna hiyo. Tangu wakati huo mtego umebadili nguo tu, na leo unakuja kwa simu, kwa majina ya sarafu za mtandaoni, na mara nyingine kwa salamu ya "Assalaam alaykum". Alama zake ni zile zile: faida kubwa isiyobadilika, haraka ya kukutaka utoe leo, malipo ya kuleta wengine, na ukungu kuhusu biashara yenyewe. Uliza leseni, kisha uihakikishe kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana au kwa Benki Kuu. Ndevu za mtu na kanzu yake si leseni.

Wafundishwe kabla ya kukabidhiwa

Suratun Nisaa, aya ya 6, inaagiza mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri, na wakionekana na busara wakabidhiwe mali yao mbele ya mashahidi. Kujaribiwa maana yake ni kufundishwa kwa vitendo. Mtoto wa miaka 14 na aonyeshwe daftari la mali yake: kiasi gani kiliingia, kiko wapi, kimezaa nini, zaka imetoka kiasi gani. Apewe fedha kidogo azungushe, na akipoteza aulizwe kwa upole alijifunza nini. Mlezi anayefanya hivyo atakuwa na hesabu safi siku ya kukabidhi, na yule kijana hatakuwa mawindo ya tapeli wa kwanza.

Tunapendekeza kwa kila kamati ya msikiti kwamba kikao cha kugawa mirathi kifuatwe na kikao cha pili, ndani ya siku arubaini, chenye ajenda moja tu: mali hii itatunzwa na kukuzwa vipi. Aalikwe shekhe anayejua fiqhi ya mali, na Muislamu anayejua hesabu. Lisemwe wazi, liandikwe, na mjane awepo akisikia kwa masikio yake.

Tunamuomba Allah Subhanahu wa Taala aturuzuku cha halali, akitie baraka, na atuepushe kula mali ya yatima kwa hiana, na kuiangamiza kwa ujinga. Wallahu a'alam.