Maradhi ya Mauti: Mgonjwa wa Kupona na Asiyetarajiwa

Sa'd bin Abi Waqqaas (Radhiya Allaahu 'anhu) aliugua sana Makkah mwaka wa 10 H, katika Hijja ya kuaga, akaona amekwisha. Hakuwa na mtoto wa kumrithi ila binti mmoja, akataka kutoa sadaka thuluthi mbili za mali yake. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkataza, akamkatalia na nusu, akamruhusu thuluthi, na hata hiyo akaiona ni nyingi. Sa'd akapona. Aliongoza jeshi Qaadisiyyah, akapata watoto wengi, akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya kitanda kile.

Imamu anayeitwa usiku kushuhudia hiba ya mgonjwa na aujue mlango huu, kwani ushahidi wake waweza kumnyima yatima haki yake.

Kwa Mashaafi'iy, ugonjwa ni wa mauti ukiwa wa kuogopewa na mtu akafa nao. Maumivu ya jino hayamo. Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj ametaja kuharisha kusikokatika, damu ya pua isiyokoma, na kupooza kunapoanza. Zingatia neno "kunapoanza": kupooza kukidumu, hofu hupungua, na mwenyewe hutoa mali yake kama mzima. Wameingizwa hata wasiougua: mwanamke mwenye uchungu wa uzazi, na abiria wa chombo baharini mawimbi yakichafuka. Penye shaka husikizwa matabibu wawili waadilifu, si majirani.

Alichotoa bure zaidi ya thuluthi hungoja idhini ya warithi, na alichompa mrithi mmoja hungoja idhini ya wenzake. Akipona, yote yamepita.

Wala kukosa matumaini hakufuti kauli. 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alipochomwa jambia mwaka wa 23 H, maziwa aliyokunywa yalitokea jerahani, akaambiwa aache wasia. Maswahaba wakaufuata.

Na Ukimwi je? Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Abu Dhabi mwaka 1995 liliuhesabu maradhi ya mauti pale tu dalili zinapokamilika, mgonjwa akashindwa shughuli zake za kawaida, na kifo kikafuatia. Leo anayetumia dawa huishi miaka mingi akifanya kazi. Basi mrithi anayetaka kuvunja hiba kwa sababu tu marehemu alikuwa na virusi, hana hoja.

Hati ya hiba iandikwe tarehe, hali ya mgonjwa siku ile, na kauli ya matabibu. Wa Allaahu A'lam.