Lenzi ya Kupigia Picha za Ndege: Urefu Gani Unatosha?

Asubuhi, upepo ukiwa bado haujainuka, mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe huonekana kandokando ya Ziwa Viktoria, kuanzia miamba ya Matvila mjini Musoma hadi upande wa Kiriba na ufukwe wa Ghuba ya Speke kule Bunda. Husimama hewani, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kimetulia tuli, kisha hujitupa majini kama jiwe. Mtu mwenye kamera ya kawaida akijaribu kumpiga picha hurudi nyumbani na picha ya maji mengi yenye doa dogo katikati. Hapo ndipo wazo la kununua lenzi ya masafa humjia, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mnunuzi huuliza lenzi ina milimita ngapi kabla hajajiuliza ndege mwenyewe atakubali kusogelewa hadi umbali gani.

Milimita hizo ni kipimo cha urefu wa fokasi, yaani umbali kati ya lenzi na mahali ambapo miale ya nuru itokayo mbali hukutana na kufanya picha. Hesabu yake ni nyepesi. Ukubwa wa picha ya kitu hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa kitu hicho kwa urefu wa fokasi, kisha kugawanya kwa umbali wake. Mdiria huyu ana urefu wa sentimita 25 hivi. Akiwa umbali wa meta 20, lenzi ya milimita 50 humfanyia picha isiyofikia hata milimita moja. Lenzi ya milimita 300 humpa milimita 3.75. Kamera nyingi za bei nafuu za siku hizi zina bamba la kupokea nuru lenye upana wa milimita 24 hivi. Kwa hiyo ndege atachukua karibu sehemu moja ya sita ya upana wa picha. Si haba, ingawa bado ni mdogo.

Sasa tuseme mpiga picha ameuza lenzi hiyo akanunua ya milimita 400. Mdiria atafikia milimita 5. Lakini milimita 5 hizo hizo zingepatikana kwa lenzi ya zamani kama mpiga picha angesogea kutoka meta 20 hadi meta 15. Hatua saba au nane zimefanya kazi ambayo dukani hulipiwa fedha nyingi. Akifika meta 10, lenzi ya milimita 300 humshinda mwenye milimita 500 aliyebaki nyuma kwenye meta 20.

Tofauti ya bei ina sababu. Lenzi ndefu ya kawaida ingelazimu bomba refu lisilobebeka. Mnamo mwaka 1891 watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza lenzi ya masafa tuijuayo: Dallmeyer katika London, Steinheil katika München na Miethe katika Berlin. Mbele waliweka vioo vinavyokusanya miale, na nyuma yake vioo vinavyoitawanya kidogo, ili bomba liwe fupi kuliko urefu wa fokasi wenyewe. Miaka michache baadaye Mjerumani Carl Georg Schillings alizitumia lenzi za namna hiyo kupiga picha za wanyama katika nyika za karibu na Kilimanjaro, akitoa kitabu chake mwaka 1905.

Lakini kinachomaliza fedha hasa ni upana wa kioo cha mbele, wala si urefu wa bomba. Namba iandikwayo kwenye lenzi, kama 5.6 au 2.8, hueleza urefu wa fokasi ni mara ngapi ya kipenyo cha tundu liingizalo nuru. Lenzi ya milimita 300 yenye namba 5.6 inahitaji tundu la milimita 54 hivi. Yenye namba 2.8 inahitaji milimita 107. Hii ya pili huingiza nuru mara nne zaidi, ila vioo vyake ni vizito na vigumu kusugua bila dosari, na bei yake hupanda mara nyingi kuliko hizo nne. Wapiga picha wa magazeti huihitaji kwa michezo ya usiku. Je, mwalimu au karani wa Musoma atokaye Jumamosi mbili kwa mwezi anaihitaji?

Jua lenyewe hujibu. Musoma iko chini ya digrii mbili kusini ya ikweta. Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha, jua likiwa kali na wepesi wa bamba au filamu kuhisi nuru ukiwa 400, tundu la namba 16 hudai muda wa sehemu moja ya 400 ya sekunde. Tundu likifunguliwa hadi 5.6, nuru huongezeka mara nane, na muda hushuka hadi sehemu moja ya 3,200. Muda huo hutosha kugandisha hata mabawa ya mdiria. Saa za asubuhi, nuru ikiwa robo ya ile, kipimo cha 400 kikipandishwa hadi 1,600 hurudisha muda ule ule. Kwa hiyo lenzi ya bei nafuu iitwayo “nzito kwa nuru” haina uzito wowote katika ufuko wa Mara. Adui wa adhuhuri ni joto: hewa iliyo juu ya miamba hucheza kama moshi, na hakuna kioo chochote kiwezacho kuituliza.

Kwa mtu wa namna hiyo, chaguo la kwanza ni lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 300, au 55 hadi 250, yenye chombo cha kutuliza mtikisiko. Chombo hicho kilianza katika lenzi za kamera za aina hii mwaka 1995, na sasa kimo hata katika lenzi za bei ya chini. Yafaa ieleweke kwamba hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Ndege anayetikisika ataendelea kutikisika.

Lenzi ya kioo cha kurudisha miale, ya milimita 500, huvutia wengi kwa ufupi wake na bei yake ndogo. Ina kasoro zake: tundu halibadiliki, na karibu zote hurekebishwa kwa mkono. Tena kila nukta ya nuru iliyo nyuma ya ndege hugeuka pete. Juu ya ziwa linalometameta asubuhi, picha hujaa pete kama duka la sonara. Kipande cha kuongeza urefu mara mbili, kinachobanwa kati ya lenzi na kamera, nacho hugeuza 5.6 kuwa 11, na kamera nyingi za zamani hapo hushindwa kujirekebisha zenyewe.

Kamera ndogo zenye lenzi isiyotoka zadharauliwa bila haki. Nikon P900 ya mwaka 2015 ilitangazwa kuwa sawa na milimita 2,000. Urefu wake halisi ni 357, na bamba lake lina upana wa milimita 6 tu, ndiyo maana ndege hujaa pichani. Picha yake haistahimili kukuzwa sana. Hata hivyo, humtambulisha tai mla samaki aliye juu ya mti wa mbali, na kwa anayetaka tu kujua ni ndege gani aliyemwona, hayo yatosha.

Anayenunua lenzi iliyokwishatumika aimulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, nayo hula rangi iliyopakwa juu ya kioo. Vumbi kidogo halidhuru.

Fedha iliyobaki itumike kwa nauli, maana kujifunza ndege kunataka siku nyingi. Kwenye mialo ambako dagaa huanikwa, yangeyange na korongo shundi wamezoea watu, na meta 10 hupatikana bila kujificha. Mdiria naye hurudia vijiti vile vile. Anayekaa kimya karibu na kijiti, mgongo ukielekea jua, humpata bila kumfuata. Penye ukingo wa mchanga wenye matundu ya viota asikae kabisa, kwa sababu wazazi hawataingia kulisha. Ndani ya gari, mfuko mdogo wa maharage juu ya dirisha hushikilia lenzi vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu.

Kuna mahali hatua hazifai kuongezwa. Mdomo wa Mto Mara na mabwawa yake ya mafunjo, yanayopakana na Butiama, yana viboko na mamba, na mtu aliyechuchumaa ukingoni akitazama ndani ya kamera haoni kilicho kando yake. Huko lenzi ya milimita 500 au 600 ina haki ya bei yake, nayo ni afadhali iazimwe kwa siku moja kuliko kununuliwa. Hata hiyo haitamtoa tiva wa mafunjo, mwenye utosi wa njano na tumbo jekundu, ndani ya mafunjo yake. Huyo husikika kwanza; anayemtaka husimama mahali salama palipoinuka, lenzi imekwisha kuelekezwa kwenye vichwa vya mafunjo, na kungoja apande mwenyewe.