Jaji hana kadi, na kura haitamfanya huru

Wateja wangu wengi wa Mandewa, hapa Singida, kabla hata hawajanieleza shamba linalogombewa liko wapi, huuliza kwanza: "Wakili, huyu jaji ni wa chama gani?" Nimechoka kulijibu swali hilo kwa mmoja mmoja, basi someni wote.

Hana chama. Ibara ya 113A ya Katiba inamkataza jaji, msajili na hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa. Kupiga kura anaruhusiwa, uanachama haruhusiwi. Mtasema moyoni kila mtu ana upande wake. Sikatai. Lakini rufaa hukatwa dhidi ya sababu zilizoandikwa katika hukumu, na hizo ndizo wengi wenu hamjazisoma.

Baada ya jibu hilo huletwa dawa ya vijiweni: kwa kuwa Rais ndiye anayeteua majaji, naye ni mwenyekiti wa CCM, basi tuwachague wenyewe kwa kura, "kama Marekani". Dawa hii inaua mgonjwa.

Ni kweli majimbo mengi ya Marekani huwapigia kura majaji wake. Huko Texas, majaji wa mahakama ya juu ya jimbo husimama wakiwa na jina la chama chao kwenye karatasi ya kura. Yaani kile mnachokihofia hapa, kule kimechapishwa wazi. Tena kampeni zinataka fedha. Mwaka 2004 huko West Virginia, Don Blankenship, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey, alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin ashinde ujaji wa mahakama ya juu ya jimbo. Wakati huo kampuni yake ilikuwa imeshindwa kesi ya dola milioni 50, na rufaa ilikuwa inaelekea mahakama hiyohiyo. Benjamin alishinda, akagoma kujitoa, na kura yake ikawa miongoni mwa zilizoiokoa kampuni. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani iseme mwaka 2009 kwamba alipaswa kukaa kando, na hata huko uamuzi ulipita kwa kura tano dhidi ya nne. Sasa niambieni: anayegombea ujaji Singida atapata wapi fedha za magari na vipaza sauti, kama si kwa chama au kwa mfanyabiashara mwenye kesi?

Na hoja kwamba aliyeteuliwa lazima amlipe aliyemteua? Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika Mahakama Kuu ya Dodoma iliyotuhudumia sisi wa Singida kwa miaka mingi, aliamua katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba mgombea binafsi ana haki ya kusimama. Aliteuliwa na Rais. Bunge ndilo lililoifunga njia hiyo kwa kubadili Katiba. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilimvua ubunge Godbless Lema wa Chadema. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Kenya, Jaji Mkuu David Maraga aliteuliwa na Uhuru Kenyatta mwaka 2016, na mwaka uliofuata mahakama yake ikafuta ushindi wa Kenyatta.

Sisemi mfumo wetu ni salama. Kasoro ipo, ila mnaitafuta pasipo. Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, wala hafungwi na ushauri huo. Mwananchi haoni majina yaliyopendekezwa wala usaili. Rais anaweza pia kumwongezea muda jaji aliyefikia umri wa kustaafu, na jaji anayesubiri nyongeza hayuko huru kama asiyesubiri chochote. Huku chini, malalamiko dhidi ya mahakimu husikilizwa na kamati ya maadili inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, ambaye pia huketi katika kamati ya siasa ya CCM ya wilaya. Hilo ndilo la kupigia kelele.

Kenya tangu 2010 nafasi hutangazwa, usaili hufanywa hadharani, na Rais hufungwa na mapendekezo ya tume. Hata hivyo Kenyatta alikataa kuwateua sita kati ya waliopendekezwa. Waliapishwa 2022 baada ya yeye kuondoka. Walicheleweshwa, lakini nchi nzima iliwajua kwa majina. Tudai hayo yaingie katika Katiba yetu.

Kwa mwenye kesi leo: ukiwa na sababu ya kweli, undugu au maslahi, omba hakimu ajitoe mapema, kabla ya ushahidi, na uieleze sababu yenyewe. Ukishindwa mahakama ya mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Katika jinai mahakama ya wilaya, kusudio la rufaa ni siku 10. Rushwa peleka Takukuru. Barua ya mwenyekiti wa tawi usiilete, haisaidii chochote. Njoo na nakala ya hukumu, na uje ukijua ilisomwa lini.