Samaki Nchanga na Elimu ya Mitego

Uwanda wa Makonde hauna mto. Mvua ikinyesha, mchanga huimeza yote, na maji hujitokeza tena chini kabisa, kwenye miteremko ya kingo zake. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mpaka chemchemi za bondeni wakapanda tena na mitungi kichwani, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950 kuyasukuma maji ya Mitema, kwenye bonde la Kitangari, kuyaleta juu. Ukisimama ukingoni pale Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na mto Ruvuma unauona mbali kule chini. Huku juu ni kichaka, mihogo na mikorosho.

Wazee wanasema watu walikaa huku kwa kupenda. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipita Masasi, Newala na Mahuta wakati moto wa vita vya Maji Maji haujapoa, akaandika simulizi aliyopewa ya asili ya Wamakonde. Kiumbe mmoja aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa, alichonga mti mfano wa mtu, akausimamisha nje ya makao yake. Usiku sanamu ile ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia mahali pengine, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda kwenye vichaka vya Mahuta, na wa tatu akaishi. Tangu hapo wakaliepuka bonde. Nami naona simulizi hiyo inaeleza mengi kuhusu mapishi ya huku, maana aliyechagua kichaka ameichagua na nyama yake.

Nyama ya kichaka ni ndogondogo. Vichaka vya Makonde vilikuwa vimesokotana kiasi kwamba hata Wangoni, walipokuwa wakivamia kusini yote, walipata shida kuvipenya. Mahali kama hapo mkuki haurushwi mbali, na kundi la nyumbu halipiti. Wanaopita ni paa, funo, ndezi, nungunungu, kanga wa porini, kwale, nguruwe mwitu, na juu ya wote panya. Kwa hiyo ufundi mkubwa wa mwindaji wa uwandani umekuwa kutega. Anayetega hamfukuzi mnyama. Hujifunza njia yake, akaketi nyumbani, akaenda alfajiri kuona.

Kwa kawaida mwalimu wa elimu hii alikuwa mjomba. Wamakonde, Wamakua na Wayao, makabila matatu yanayochanganyika Masasi na Newala, wote huhesabu ukoo upande wa mama, na mtoto wa kiume macho yake humtazama kaka wa mama yake. Baba alimlisha; mjomba ndiye aliyekuwa na haki ya kumwelekeza, kumkanya na kumrithisha. Kisha likaja likumbi, kambi ya jando, ambako vijana walikaa porini miezi kadhaa wakati wa kiangazi. Humo, pamoja na nyimbo na adabu za utu uzima, walitega na kuwinda, kwa kuwa kijana asiyeweza kuleta kitoweo hakuonekana ameiva kuoa.

Mtego wa kwanza anaofundishwa mtoto ni wa kitanzi. Anakata fito mbichi, anaisimika ardhini, anaikunja mpaka iwe upinde, kisha anafunga ncha yake kwa kamba ya gome la mti yenye kitanzi. Upinde huo unazuiwa na kijiti kimoja chembamba. Panya akigusa kijiti, fito inafyatuka na kitanzi kinakaza. Maelezo yake ni mepesi, lakini mikono ya mtoto hukosea mahali pale pale: akikifunga kijiti sana, panya anakula chambo akaenda zake, akikilegeza, upepo unafyatua mtego usiku. Ndipo mjomba husema, "Mpwa wangu, huo umemtegea upepo," na mtoto anaanza upya.

Upo mtego wa gogo au jiwe, unaoshikiliwa na vijiti viwili na kumwangukia mnyama. Upo uzio mfupi wa majani na vijiti unaokatiza shamba, wenye vipenyo vichache, na kila kipenyo kina kitanzi. Kwale na kanga hawapendi kuruka kama kutembea kunawezekana, basi hufuata uzio mpaka penye mwanya. Kisha kuna kufukua. Shimo la panya lina milango kadhaa, na mara nyingi mmoja wa kutorokea umezibwa kwa udongo mwembamba ambao jicho lisilozoea halioni. Vijana huutafuta huo kwanza. Wakishauziba, wanafukiza moshi kwenye ule mkubwa na kuchimba kwa jembe, mmoja akiwa amekaa tayari na fimbo.

Panya huyo anayeliwa, watu wa Mtwara wamempa jina la samaki nchanga. Anapasuliwa, anatolewa matumbo, anachemshwa kwa chumvi, kisha anabanikwa kwenye kijiti mpaka akauke, na akikauka hukaa siku nyingi bila kuoza. Analiwa na ugali wa muhogo. Msimu wake mkubwa huja baada ya mavuno, akiwa amenona kwa mahindi, karanga na njugu za mwenye shamba. Panya shamba mmoja huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo, na mwaka mbaya hula mbegu ardhini kabla hazijachipua. Kumtega ni kulinda chakula cha mwaka ujao kwa mkono ule ule unaopata kitoweo cha leo.

Watani wetu wa mikoa mingine wamelicheka hili miaka mingi, na utani una heshima yake. Lakini nimechoka kuona watoto wa kusini wakificha chakula cha nyumbani kwao wanapofika mabweni ya shule za mbali. Panya wa shamba na kichaka anakula nafaka na mizizi. Hana uhusiano na panya wa jalala. Wala si kila mtu wa huku anamla. Newala ni nchi ya Waislamu wengi, na wengi wao huona panya na nguruwe ni haramu. Katika kitongoji kimoja utakuta nyumba inayombanika na jirani yake asiyemgusa, wakitega mitego kwenye shamba moja, na asiyekula akimpa anayekula windo lake lote. Sijawahi kusikia ugomvi uliotokana na hilo.

Mkubwa wa jamii ya panya ni panya buku, ambaye uzito wake hupita kilo moja. Huyu ana habari nyingine kabisa. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO, likifanya kazi na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro, limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengi walipelekwa Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Pua ile iliyomsaidia mkulima wa Msumbiji kurudi shambani ndiyo pua ambayo mtegaji wa Newala amekuwa akishindana nayo miaka yote. Ndiyo maana hagusi chambo kwa mkono wenye sabuni, na kitanzi kipya hukisugua kwa udongo.

Chambo ni somo zito kuliko kitanzi. Huyu anapenda muhogo mkavu, yule karanga iliyokaangwa, mwingine haji ila kwa tunda lililoanza kuoza. Nikiwasikia wavuvi wa starehe wanavyosimulia ufundi wao wa kufunga nzi bandia, nasikia lugha ya watu wa kwetu. Mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yaliletwa Kenya mwaka 1905 na samaki wake wakaachiwa mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Leo wapo mafundi wa Kenya wanaofunga manyoya na uzi kwenye ndoana ndogo, wakimwiga mdudu anayeelea majini, na kazi yao husafirishwa Ulaya na Marekani. Fundi yule na mtegaji wa Newala wanajiuliza swali moja: huyu ninayemtaka anakula nini, saa ngapi, na anaogopa nini?

Ukitoka uwandani kwenda Masasi, nchi hubadilika. Milima ya mawe imesimama peke yake juu ya tambarare, msitu ni wa miombo, na wanyama ni wakubwa zaidi. Kusini magharibi, kuelekea Nanyumbu, yapo mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule. Huku uwindaji ulikuwa wa upinde, mbwa na baadaye gobole. Kabla ya jambo zito wazee wa Kiyao walimwaga unga chini ya mti wa msolo kuwaomba waliotangulia. Tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoleta Masasi watu walioachwa huru kutoka utumwani, kengele ya kanisa imesikika kando ya miti hiyo.

Katika msitu huo kuna urafiki ambao naupenda kuliko mambo yote ya porini. Ndege mlembe, ambaye Wayao humwita sego, humwongoza mtu mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mtu hupata asali, ndege huachiwa nta. Wayao wa ng'ambo, katika pori la Niassa, humwita kwa mlio wa mdomo unaotetemeka na kumalizikia kwa mguno mfupi. Watafiti walioupima mlio huo walichapisha matokeo yao mwaka 2016: kwa sauti nyingine nafasi ya kuonyeshwa nyuki ilikuwa asilimia 17 hivi, na kwa mlio wa Wayao ikapanda hadi 54. Baba alimfundisha mwana mlio huo, na ndege wakaujua. Hakuna kitanzi hapo wala chambo.

Pori hilo la miombo lina upande mchungu. Mahindi yakikomaa, nguruwe mwitu huja usiku, na mkulima hulala shambani juu ya dungu kuamia mazao. Nyuma ya nguruwe huja simba. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, hasa katika maeneo ya kusini na pwani. Mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na nguruwe walikuwa sehemu kubwa ya sababu. Anayemtega nguruwe huku analinda mazao na uhai wake pia.

Nyoka nao wana nafasi yao. C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa afisa wanyamapori Liwale, baadaye aliishi Newala akikamata mamba wa kijani na moma, na watu wakamwita Bwana Nyoka. Sifa ilimwendea yeye, na kweli alikuwa hodari. Lakini waliomwonyesha ni mti gani na tawi gani walikuwa wenyeji wenye mashamba.

Na samaki wa majini je? Kiangazi, Ruvuma hupungua ukabaki na mikondo myembamba na madimbwi kati ya mchanga mpana. Hapo Wamatambwe wa bondeni, na watu wa juu wanaoshuka kwa siku kadhaa, hutega migono, hutupa ndoana na nyavu, na kukausha kambare na perege kwa moshi. Zamani walitwanga utupa wakautia dimbwini samaki waelee. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na ni haki, kwa kuwa utupa haubagui kifaranga. Mamba wa mto huo wanaua watu, hivyo kuna adabu ya kuteka maji: huendi mara mbili mfululizo mahali pale pale.

Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hawindwi bila kibali, na funo na paa wa uwandani wamebaki wachache kwa sababu vichaka vimegeuka mikorosho. Sheria hiyo naiunga mkono. Ninachokipinga ni moto. Vijana wasiofundishwa kitanzi huwasha nyasi ili panya wakimbilie fimbo, na moto huo huingia kwenye mikorosho ya jirani, ukamaliza kazi ya miaka 20 kwa alasiri moja. Wengine hutega waya wa chuma, unaokata mguu wa kila kipitacho. Mjomba wa zamani asingekubali hata kimoja kati ya hivyo viwili, maana mtego wake ulikuwa na njia moja, mnyama mmoja na msimu mmoja.

Jando nalo siku hizi hubanwa ndani ya likizo ya shule. Likizo ya Juni huangukia pale pale panya wanaponona, na baadhi ya wazee wameshaiona nafasi hiyo: wanawachukua wapwa zao shambani wiki zile, wanawakatia fito mbichi, na kuwaanzisha na kile kijiti chembamba.