Amri Inayokubali Mchana na Kukataa Usiku

Fundi ameandika amri ya kunakili hifadhidata, ameijaribu kwa mkono, imekubali. Anaipachika kwenye ratiba ya cron ijiendeshe saa nane usiku. Asubuhi hakuna faili. Anairudia kwa mkono, inakubali tena. Hapo wengi huishuku hifadhidata, ilhali amri haikuifikia kabisa.

Tuutazame mstari wenyewe:

0 2 * * * mysqldump duka | gzip > "/bakapu/duka-$(date +%F).sql.gz"

Nukuu zimefunguliwa na kufungwa sawasawa, lakini sheli inalalamika kwamba mstari umeisha kabla ya mabano au nukuu kufungwa. Kiini ni alama ya asilimia. Cron huusoma mstari kabla ya sheli, na kwake asilimia ya kwanza ndiyo mwisho wa amri. Kinachofuata hukihesabu kuwa maandishi ya kulishwa programu. Sheli inapokea mstari ulioishia kwenye "date +", mabano na nukuu za kufungia zimebaki ng'ambo. Cron haijali nukuu, ziwe moja (') au pacha ("). Kinga ya asilimia ni mkwaju wa nyuma: \%F.

Alama ya dola nayo ina mtego wake, ila huu ni wa sheli. Neno la siri likiwa Siri$Kuu, nalo limeandikwa kwenye amri ndani ya nukuu pacha, sheli hudhani $Kuu ni kigezo, na kwa kuwa hakina thamani, hifadhidata inapelekewa "Siri" tupu. Nukuu moja huliacha neno lilivyo.

Hatari kubwa iko hapa: mysqldump ikikataliwa kuingia, gzip bado hufunga hewa na kutoa faili la baiti 20, kisha kazi yote huhesabiwa imefaulu. Kila usiku linaongezeka faili lenye jina na tarehe, ndani hamna kitu.

Dawa ni kuandika amri zote kwenye faili la skripti ya bash, ratiba ibaki na njia kamili ya skripti hiyo tu. Humo asilimia haina madhara. Weka "set -o pipefail" ili kosa la mysqldump lisifichwe na gzip. Neno la siri liweke kwenye .my.cnf, lenye ruhusa 600.

Kisha, leo kabla hujafunga ofisi, chukua faili la jana, lirejeshe kwenye hifadhidata ya majaribio, uhesabu rekodi zake. Usingoje siku ya msiba.